Konda kaniita rubani mbele ya basi zima!! Na huyu mtu mnamjua

Wakuu habari zenu, mimi sina habari. Nimeshuka stendi ya Nyegezi, Mwanza, sasa hivi, miguu imevimba, sijaoga, ila acha niandike kwanza nisije nikapasuka.

Mnajua namsema nani. Yule konda wa Dar–Mwanza, yule mwenye mdomo. Sitaji.

Mimi nimepima kwenye simu, Dar mpaka Mwanza inasoma kilomita 850. Nauli elekezi ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, ile ya Desemba 2023, basi la kawaida ni shilingi 48 na senti zake kwa kilomita, pigeni wenyewe, haifiki elfu 42. Yeye anataka elfu 56! Nikamuuliza kistaarabu kabisa, mdogo wangu, hizi zingine za nini? Kachungulia simu yangu, kageukia abiria, kapaza sauti: "Jamani leo tuna rubani! Mzee, hiyo 850 ni ya kupaa, tangulia sisi tutakukuta."

RUBANI. Basi zima hoi. Kuna mama alikuwa kalala toka Mbezi, kaamka, kacheka, kalala tena. Hadi kuku kwenye boksi chini ya siti kacheka, nimemsikia kwa masikio yangu.

Na haikuishia hapo, kila tuta, Dumila, Gairo, Manyoni, kuna mtu siti ya nyuma anapiga kelele "rubani tunatua!" halafu Singida tumeshuka kuchimba dawa dogo mmoja ananiuliza eti shikamoo rubani, choo kiko upande gani. Rubani! Mimi, mtu mwenye wajukuu!

Pedeshee_Ilemela: Mkuu 850 ni mstari ulionyooka, haupiti Morogoro, haupiti Dodoma wala Nzega. Barabarani ni 1,150 hivi. Ulitaka dereva akate porini?

Mleta uzi: Sijaomba jiografia. Kaniita rubani.

Binti_Kanyigo: Nyie mna afadhali. Mwanza–Bukoba ndege inakata ziwa, kama 175 tu, sisi wa basi tunazungushwa Geita, Biharamulo, inafika 400 huko. Daraja la Busisi limefunguliwa 2025 sawa, kivuko tumepumzika, ila ziwa liko palepale.

Mnyaki_Og: Hamjapanda mlima Kitonga nyuma ya lori nyie. Dar–Mbeya hewani haifiki 700, chini 800 na ushee, na pale Kitonga kilomita huzihesabu tena, unahesabu masaa.

Kijana_wa_Pasiansi: Ndege yenyewe mnayoisifia! Dar–Mwanza saa moja na nusu angani, mimi nimekaa uwanjani toka alfajiri naambiwa "subirini kidogo" mpaka nikazoeana na mfagiaji. Bro wangu aliyepanda basi ananipigia yuko Shinyanga anakula.

Mleta uzi: Jamani uzi ni wa KONDA

Binti_Kanyigo: Rubani kaa, abiria wanaongea 😂😂

Mtu_wa_Ilongero: Samahani natoka nje ya mada, hii treni ya SGR ukishuka Dodoma magari ya Singida unapandia wapi?

Pedeshee_Ilemela: Chukua boda mpaka stendi ya Nanenane. Bei ulizia kabla hujapanda.

Mtu_wa_Ilongero: Boda wa Dodoma!! Hao wanataka uzi wao, subirini naufungua.