Chemchemi moja, ng'ombe, ngege na sukuma: nani atangulie?

Mwenye_Chemchemi: Hamjambo wakulima. Niko Luanda, Vihiga. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, sukuma wiki robo ekari, na juzi nimemaliza kuchimba bwawa la ngege (samaki aina ya tilapia), mita 10 kwa 15. Maji ni ya chemchemi moja. Niyaingize yote bwawani, ng'ombe wanywe humo, mboga zipate yanayotoka? Au nigawe paipu tatu? Ya kwanza ndiyo nafuu mfukoni.

Baba_Ngege, Ahero: Ndugu, ng'ombe asikaribie bwawa! Mimi nilimruhusu. Kingo zilibomoka kabla masika hayajaisha, maji yakawa kama uji wa wimbi. Kisha kijana akampulizia dawa ya kupe na kumwachilia akanywe. Kesho yake ngege walikuwa wanaelea matumbo juu, bwawa zima. Samaki hawaziwezi dawa hizo hata kidogo.

Njoro_Maziwa: Paipu tatu.

Mama_Sukuma, Bungoma: Paipu tatu za nini? Piga hesabu kwanza. Ng'ombe wawili ni kama lita 120 kwa siku. Bwawa lako ni mita mraba 150. Jua likinyonya milimita 5 tu, lita 750 zimekwenda na hujagusa kitu. Anayekunywa sana ni bwawa, si ng'ombe. Kwa hiyo hori liwe juu, maji yanayofurika yateremke kwa samaki, na mboga zichukue maji ya chini ya bwawa, yale ya kijani yenye kinyesi cha samaki. Mimi mbolea ya kukuzia nimepunguza.

Mwenye_Chemchemi: Na maji ya kuoshea zizi yaingie bwawani pia?

Mama_Sukuma: Hapana, utawaona samaki alfajiri wakihema juu ya maji. Ukitaka kurutubisha maji yawe ya kijani, weka samadi kwenye gunia, lifunge pembeni mwa bwawa. Zamisha mkono hadi kiwiko: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, toa gunia.

Baba_Ngege: Na ukipulizia sukuma dawa, maji yake yasirudi bwawani.

Mwenye_Chemchemi: Shida ni kwamba zizi langu liko chini ya bwawa.

Mama_Sukuma: Hori si lazima liwe zizini, baba. Ng'ombe ana miguu.