DT175 ya marehemu baba: klachi inateleza ikipata joto, gia nazo zinagoma

Msafiri wa Soni
Wakuu, naombeni ushauri. Nina Yamaha DT175 ya 1979 niliyoachiwa na marehemu baba. Asubuhi ikiwa baridi haina kasoro, lakini nikitoka Mombo na kuanza kupanda kwenda Lushoto, kabla sijafika Soni injini hupiga kelele huku mwendo ukipungua. Nikisimama, nyutro siipati mpaka nizime. Oili ya giaboksi niliimwaga juzi ikiwa nyeusi ti. Je, nikifunga injini ya Kichina ya cc 150 nitakuwa nimekosea?

Bwanashamba Mstaafu
Kijana wangu, umenikumbusha mbali. Nilipokuwa bwana shamba Bumbuli nilikuwa na pikipiki ya aina hiyohiyo, na masika moja niliteremka nayo nikiwa na gunia la mbegu za viazi mviringo nyuma, breki zikalowa, na pale kwenye kona nikakutana na lori la mbao. Nitamalizia baadaye, mke wangu ananiita. Klachi haikunisumbua, kwa sababu hatukuwa tunapakia abiria watatu kama ninyi.

Kivuli cha Mwembe
Nunua punda. Hana klachi, na joto likimzidi husimama mwenyewe.

Tupa na Msasa
Ndugu Msafiri, una dalili mbili: klachi kuteleza maana yake plati hazishikani, na nyutro kukataa maana yake haziachani. Angalia uchezaji wa mkono wa klachi injini ikiwa ya moto, maana waya uliokazwa mno huziacha plati zikiwa zimeshikana nusunusu. Pia useme umetia oili gani, na kama kuna kitu kingine ulichoongeza humo.

Msafiri wa Soni
Uchezaji upo. Oili ni 10W-30, kama kitabu kinavyosema.

Tupa na Msasa
Niliuliza mambo mawili, nawe umejibu moja.

Msafiri wa Soni
Sawa. Miezi miwili iliyopita muuzaji wa vipuri aliniuzia kichupa cha dawa ya kupunguza msuguano, nikakimimina chote kwenye giaboksi. Sikukitaja kwa sababu wiki ya kwanza gia zililainika kweli. Tena niseme wazi kwamba kianzio cha injini ya Kichina nimekwisha kukitoa. Vipuri vya DT ni vya kusaka, na mtu anayekwenda kazini kila siku hawezi kungoja.

Mtazamaji
Wakuu, hii ni chai. DT175 ni injini ya mipigo miwili. Oili inayoungua ina tangi lake na husukumwa na pampu ya Autolube, mfumo ambao Yamaha waliutoa 1964, na oili ya giaboksi haikutani na moto hata kidogo. Masizi ya kuifanya iwe nyeusi ti yametoka wapi? Huyu anasimulia bodaboda ya mipigo minne aliyoipanda kama abiria. Aweke picha.

Msafiri wa Soni
Siwezi kumtungia hadithi mzee wangu aliye kaburini.

Tupa na Msasa
Mtazamaji, hoja yako ni ya kweli, ila umeipeleka siko. Ni kwa sababu masizi hayafiki kule ndipo tunajua weusi ule ni koki, yaani utando wa plati unaoshika, iliyoungua. Klachi ya DT inaogelea katika oili ileile ya gia, na dawa ya kupunguza msuguano haichagui: gia zikilainika, plati nazo zinateleza. Kwa ajili hiyo tangu 1998 kuna alama ya JASO MA kwenye oili zinazofaa klachi za namna hii. Zikiteleza zinapata joto, zile za chuma zinapinda, na plati iliyopinda haiachi. Fungua kifuniko cha kulia ujionee.

Msafiri wa Soni
Nimefungua juu ya karai. Oili inanuka kama nywele zilizoungua. Plati mbili za chuma zimekuwa za buluu, na nilipozilaza juu ya kioo cha dirisha, karatasi ya daftari ilipita chini bila kukwama. Kwenye nyumba ya klachi, pale meno ya plati yanapogonga, kuna vishimo vinavyonasa ukucha. Hata hivyo, kianzio hakirudishwi.

Tupa na Msasa
Vishimo vikiwa vifupi, visawazishe kwa tupa ndogo. Vikiwa virefu, tafuta nyumba nyingine. Plati mpya za koki zilaze kwenye oili usiku kucha kabla ya kuzifunga, na oili ya giaboksi uimwage mara mbili, maana dawa hubaki pembeni.

Bwanashamba Mstaafu
Ile pikipiki niliinunua ilipopigwa mnada, na injini yake imo bandani kwa kuku, ndani ya gunia. Njoo Jumamosi ufungue utazame nyumba yake ya klachi. Sitaki hela, ila utakaa nikumalizie habari ya lile lori.