Bangili yenye sura ya jua: nitajuaje kama ni kazi ya Wazuni?

Mpenda Vito: Wanajukwaa, salaam. Nilipopita Gallup, New Mexico, nilinunua bangili ya fedha yenye sura ya jua iliyopangwa kwa vipande vya feruzi, marijani nyekundu, kombe jeupe na jiwe jeusi. Muuzaji alinihakikishia kwa mdomo kwamba ni kazi ya Wazuni, kabila la wenyeji wa asili wa huko New Mexico, lakini risiti inasema "mtindo wa Kizuni". Haina jina la fundi, na kipande kimoja cha feruzi kimeanza kucheza. Je, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Sonara Mstaafu: Neno "mtindo" ndilo linalonitia shaka, kwa kuwa linaeleza sura ya kitu bila kusema kimetoka mkononi mwa nani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza kuuza kitu kwa madai ya uongo kwamba kimetengenezwa na wenyeji wa asili, na faini yake kwa mtu binafsi inaweza kufika dola 250,000. Waandikie wauzaji, udai maandishi yenye jina la fundi, kabila lake, na kama feruzi hiyo ni ya asili au imetiwa dawa. Kukosekana kwa jina nako si dalili njema.

Mama Vidani: Ndugu Sonara, hapo kwenye jina sikubaliani nawe, kwani vito vingi vya Wazuni vya kabla ya miaka ya 1970 havikutiwa jina wala alama yoyote. Mimi huitazama njumu yenyewe, yaani namna mawe yalivyopachikwa. Wazuni walikuwa wakikata feruzi na makombe karne nyingi kabla ya kujifunza ufuaji wa fedha kwa jirani zao Wanavajo katika karne ya 19, na ndiyo maana katika kazi zao jiwe ndilo linalotawala, fedha ikibaki kulishikilia tu. Kuna njumu ambayo kuta nyembamba za fedha hulehemiwa kwanza, kisha kila jiwe likakatwa na kusuguliwa mpaka liingie katika chumba chake. Na kuna ile ambayo mawe hugusana bila fedha katikati. Kwa vyovyote vile, uso husagwa ukawa sawa. Pitisha ukucha polepole: katika kazi nzuri haukwami. Kisha tazama kwa kioo cha kukuzia kama kuna mapengo yaliyozibwa kwa gundi, na kama feruzi zote zina buluu ileile isiyo na mshipa hata mmoja, maana plastiki haina mishipa isipokuwa imetiwa kwa makusudi.

Mpenda Vito: Ukucha unakwama karibu kila mahali, na buluu ni moja tupu.

Sonara Mstaafu: Basi usiibandike wala usiichovye katika dawa ya kusafishia fedha kabla hujairudisha.

Mpenda Vito: Wamekubali kunirudishia pesa. Jina la fundi nimeliuliza mara mbili, hawakulitaja.