Mlipuko ukirudi, tukae na jino bovu nyumbani au twende kliniki?

Mtoa mada, Mtwara mjini
Wadau wa Kusini, salaam. Mwaka 2020, tangu mgonjwa wa kwanza wa korona atangazwe nchini mwezi Machi, watu wengi ninaowafahamu waliikwepa kliniki ya meno kuliko kliniki nyingine yoyote. Homa ikiwapanda walikwenda hospitali, lakini jino walivumilia nalo. Agosti mwaka ule Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba pale maambukizi yanaposambaa mitaani, huduma za meno zisizo za haraka zisogezwe mbele na za dharura ziendelee. Wengi wetu tulisikia hilo la kusogeza tu. Kagera wamepata Marburg 2023, wakapata tena 2025, kwa hiyo milipuko haijaisha. Msimamo wangu: ukija mwingine, kliniki ya meno isifungwe na sisi wagonjwa tusiikimbie. Anayepinga aseme.

Mchangiaji wa Masasi
Napinga, mkuu. Kile kiti umekikalia? Mashine inazunguka, maji na mate yanaruka, wewe umeachama, barakoa iko mfukoni, daktari amekuinamia uso kwa uso. Aliyekalia kabla yako hujui alikuwa na nini. Walioogopa walikuwa na haki. Na jino halijaua mtu.

Mama wa Lindi
Kaka yangu, hilo la mwisho lifute. Jirani yangu alianza na gego la chini. Akawa ananunua vidonge duka la dawa, vya maumivu na vile vya rangi mbili, anameza siku mbili, maumivu yakipoa anaacha. Tulipompeleka hospitali, uvimbe ulikuwa umejaa chini ya kidevu hadi shingoni, ulimi umeinuka, mate yanamtoka kwa kushindwa kumeza, na kulala chali hawezi. Tuliambiwa uvimbe wa namna ile unaweza kuziba njia ya hewa. Walipasua, usaha ukatoka, akapona kwa rehema za Mungu. Alikuwa amekaa nyumbani kwa kuogopa korona.

Mchangiaji wa Newala
Pole kwa jirani, mama. Ila tusiisingizie korona kila kitu. Kabla yake nani alikuwa anakwenda kukaguliwa meno? Huku kwetu daktari wa meno anafuatwa siku ya kung'oa. Mkulima anasubiri malipo ya mnada wa korosho, na pesa ikiingia kuna ada, kuna bati, jino linakuja mwisho kabisa.

Tabibu wa kinywa na meno, wilayani
Nimesoma wote. Ndugu wa Masasi hoja yako ya mashine ni ya kweli, matone yake hubaki hewani. Lakini tazameni ilitufikisha wapi. Kung'oa jino la kawaida kwa koleo hakuhitaji mashine ile, kuziba kwa kawaida ndiko kunaihitaji. Basi huduma isiyorusha matone chumbani ikawa ndiyo ya kulipoteza jino. Mtu alikuja na tundu dogo la kuzibika, akaambiwa asubiri, akarudi baada ya miezi shavu limevimba, tukang'oa. Iliniuma sana, na mpaka leo inaniuma, kwa sababu njia nyingine ipo na ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980: unakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, unaziba kwa glasi ayonoma, aina ya saruji ya kuzibia meno. Haihitaji mashine wala umeme, mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Shirika la Afya Duniani liliitangaza 1994, na 2021 likaiingiza glasi ayonoma kwenye orodha ya dawa muhimu pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Jino ambalo uozo umefika kwenye mshipa, hapo haifai. Na vile vidonge vya rangi mbili haviponyi jino lililotoboka, mama amesema kweli.

Mchangiaji wa Masasi
Shukrani, tabibu. Kama ni vifaa vya mkono, nitakaa. Ila mhudumu awe na glavu mpya na barakoa kwa kila mgonjwa, na dirisha liwe wazi. Bila hivyo msimamo wangu uko palepale.

Mchangiaji wa Newala
Na iwe kituo cha afya cha karibu. Ukiniambia nipande gari mpaka hospitali ya rufaa ya Ligula, Mtwara mjini, kwa tundu ambalo bado haliumi, siendi, mlipuko uwepo usiwepo.

Mtoa mada, Mtwara mjini
Masharti yenu nayakubali yote mawili. Ninachoomba sasa kila mmoja amuulize diwani wake swali moja: kituo chetu cha afya kina vifaa vya mkono na glasi ayonoma, na kama havipo vitaombwa lini? Tabibu, tuandikie hapa orodha ya vinavyohitajika kwa kituo kimoja, tuwe na karatasi ya kumwekea mezani.