Mwanangu anajitafuta, na dera la harusi nimeshashona

MamaUbuyu: Wadau, habari za jioni. Niko Tanga, Ngamiani. Nalea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 19, ni wa kike, au ndivyo tulivyomlea. Karudi likizo kutoka chuo. Wiki ya pili nikakuta misuko mizima mizima kwenye beseni la kufulia, kaikata kwa mkasi wangu wa cherehani. Nikanyamaza. Usiku akaja mwenyewe: "Mama mdogo, hilo neno binti linanibana. Bado najitafuta. Nisiulizwe kwanza."

Mwezi ujao namuoza mwanangu wa kwanza, shughuli iko Pangani. Sare ni madera, lake lipo kabatini. Na mama zake wakubwa washaanza, mbona mtoto kanyoa? Nimkalishe kitako aseme moja, yeye ni mwanamke au mwanamume, nijue pa kusimama?

Mzee_wa_Makorora: Majikedume hao tumewaona. Muozeshe na yeye, yataisha.

NguruMbichi: Mzee, kwetu tulimuozesha dada kwa hesabu hiyohiyo. Kilichoisha ni salamu. Mpaka leo simu ya baba haipokei.

Kijana_Chumbageni: Mpelekeni hospitali, hiyo akili haijakaa sawa.

NesiMstaafu: Si ugonjwa wa akili, mwanangu. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha mpya ya magonjwa mwaka 2019, jambo hili lilitolewa kwenye sura ya maradhi ya akili, na orodha ikaanza kutumika 2022. Ukitaka augue kweli, msimange kila siku mezani.

Mtetezi_7: Dada, mbona iko wazi? Huyo ni mwanamume. Mchagulie jina la kiume umwite, atakushukuru.

BiMkubwa_Raskazone: Mtetezi, wewe na Mzee wa Makorora mmepanda daladala moja, mmekaa viti tofauti tu. Mtoto kasema anajitafuta. Mmoja anamtafutia mume, mwingine anamtafutia jina. Yeye mnamwachia nini?

MamaUbuyu, Kiswahili chenyewe kimekurahisishia. Amekuja, amelala, amekula. Humo hamna mwanamke wala mwanamume. Mwite mwanangu, inatosha. Hao dada zako wajibu kuwa joto la Tanga halitaki misuko, basi. Alikwambia wewe, hakuwaambia wao, kwa hiyo hata ukibanwa vipi usilipeleke kwenye kikao cha ukoo. Dera muulize, halafu jibu lake ulipokee. Na mwakani akirudi kasuka (wapo wanaorudi, wapo wasiorudi), tafadhali usimwambie "nilijua tu". Hapo ndipo wengi tunapoharibu.

NguruMbichi: Hiyo ya "nilijua tu" imenichoma.

MamaUbuyu: Nashukuruni. Jana nimemkuta uani anaziba pancha ya baiskeli, tairi la ndani kalizamisha kwenye beseni lilelile. Nikamuuliza habari za sare. Hakuinua kichwa, alikuwa anatazama mapovu yatokee wapi. "Kitambaa nakipenda, mama mdogo. Dera ndiyo silitaki."

Nikalipeleka kwa fundi. Kasema akilifumua linatoa shati, tena kitambaa kitabaki. Kisha akaniuliza vifungo viwe upande gani, wa kike au wa kiume. Nikampigia mwanangu, simu nikampa fundi waongee wenyewe.