Yule bwana wa "ladha ya bandarini" pale Mwanjelwa amechovya KIDOLE kwenye mchuzi wangu

Mwana_wa_Soweto

Wakuu, naandika nikiwa nimesimama nje, hasira haijaniruhusu kukaa.

Simtaji jina, na wala sina haja ya kumtaja. Yeyote aliyewahi kupita Mwanjelwa na njaa anamjua: aproni yenye picha ya nanga, kofia ya baharia aliyoiokota anakojua yeye, na spika inayopiga taarabu tangu asubuhi mpaka majirani waombe poo. Ubao wake pia mnaujua. SAMAKI WA FERI, LADHA YA BANDARINI, yaani Feri ile ya soko la samaki Dar. Kila sentensi anaanza na "sisi watu wa bandari". Mbeya hii ya baridi, mtu anakusimulia upepo wa bahari huku amevaa sweta mbili.

Huyo. Kachovya kidole kwenye mchuzi wangu.

Narudia kwa waliolala. KIDOLE. Kwenye mchuzi. WANGU.

Nimeagiza changu wa kukaanga, wali wa nazi, mchuzi pembeni. Nimelipa kwanza, maana pale unalipa kwanza utadhani unapanda pantoni ya Kigamboni. Nimekaa nikisubiri mpaka viazi vilivyopandwa Umalila wakati naagiza vimeshavunwa, vimepakiwa na vimefika Dar. Samaki akaja. Jicho limezama, mkia umekunjamana, amelala upande kama... basi, niache. Nikauliza kwa adabu zote nilizofunzwa na mama yangu: "Kaka, samahani, huyu ametoka Dar lini?"

Hilo tu! Feri mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800. Kuna Mikumi, kuna Kitonga, kuna mizani, kuna malori ya Zambia na Kongo yanayopanda mlima kwa gia ya kwanza. Mtu mzima akishuka basi stendi ya Nanenane baada ya safari hiyo hafai hata kusalimiwa mpaka aoge. Sasa samaki nisimuulize hali?

Bwana akanyanyuka kaunta. Hakubeba uma, hakubeba kijiko. Akanyoosha kile kidole cha shahada chenye pete ya fedha, kucha bado ina unga wa sambusa za asubuhi, akakizamisha kwenye bakuli langu mpaka pete ikapotea. Akakizungusha. AKAKILAMBA. Halafu akawageukia wateja wote, sauti ya dalali wa mnadani: "Mchuzi uko sawa! Hawa watu wa mlimani ukiwatoa kwenye viazi na maharage wanapotea njia!"

Watu wakacheka. Kuna mama meza ya dirishani alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongo.

Na asinifundishe bandari, mimi Feri nimekula. Pale Magogoni asubuhi samaki wanapigwa mnada mbele yako, unanunua wako, unampeleka kwa wakaangaji, unamla moto kabla hujaamua ukae wapi. Jioni pweza na supu yake barabarani, unachomewa kijiti, unachovya kwenye pilipili MWENYEWE, kwa mkono wako. Coco Beach mihogo ya kukaanga na chachandu. Forodhani kule Unguja watakuita "rafiki" mpaka uchoke, na ukionekana mgeni bei inapanda palepale, lakini kidole chake mtu anabaki nacho. Bandari zote hizo, hakuna aliyewahi kuoga kwenye chakula changu.

Mpaka pete ikapotea, wakuu.

Swali kwa wanasheria humu: kidole cha mtu kikishaingia kwenye mchuzi uliolipiwa, mchuzi ni wa nani?

Nawasilisha.

Konda_Mstaafu

Pole mkuu. Swali moja tu. Ulimla au hukumla?

Mwana_wa_Soweto

Nilikuwa nimeshalipa.

Konda_Mstaafu

Kwa hiyo ulimla.

Mwana_wa_Soweto

Samaki nilimla. Mchuzi nilikula upande ambao kidole hakikufika.

Ndizi_Utumbo

Mchuzi una upande??? Jamani nimecheka ofisini, bosi kageuka. Bila picha ya huo upande uzi haujakamilika.

Dada_wa_Kabwe

Mimi simtetei yule bwana, ila na wewe kaka yangu, mgahawa umejaa hivyo unauliza samaki katoka lini? Ungenong'ona. Halafu shukuru ni kidole. Mimi nilikwenda kwa ajili ya urojo, maana nilishaula Unguja nikaupenda: ule uji mchachu wa embe na ndimu, bhajia, kachori, viazi, chipsi za muhogo juu, unakunywa huku jasho linakutoka. Kwake nimeletewa uji wa njano wa vuguvugu, bhajia mbili zinaelea zimekata tamaa. Nikamwita. Akachukua bhajia moja, akaitia mdomoni, akaniambia "ngoja nihakiki". Akaihakiki yote. Akarudi kwa ya pili!

Nimelipia urojo nikanywa uji. Nani kaonewa hapo, mimi au wewe?

Mwana_wa_Soweto

Dada, bhajia ni kitu kigumu, unaona alipoishika. Mchuzi ni maji. Kidole kimeenea bakuli ZIMA.

Konda_Mstaafu

Juu umesema kuna upande ambao hakikufika.

Dereva_Semi

Niwasaidie wenye kesi. Mimi napakia mzigo bandarini Dar, nashusha Lubumbashi, njia hiyo ndiyo maisha yangu. Samaki akifungwa kwenye barafu ya kutosha anafika Mbeya ana afya kuliko mimi, kwa hiyo tusiisingizie barabara. Tatizo ni kwamba sijawahi kumwona yule bwana akipokea boksi la samaki kutoka Dar, na malori ya samaki yakifika nawajua wanaoyakimbilia. Huyo changu wenu nina mashaka naye. Mimi namwona ni perege wa Mtera kapakwa binzari, kaambiwa "kuanzia leo wewe ni wa baharini".

Mlandege_Mjini

Eti perege wa Mtera KAPAKWA BINZARI, kama vile ni tusi. Dereva, kamwene, lakini hapo umetukosea Iringa nzima. Perege wa Mtera akitoka bwawani leo, Iringa analiwa leo, hahitaji kofia ya baharia. Kama ni yeye, basi mleta mada umekula samaki mzuri kuliko uliyemlipia, rudi ukaongeze hela.

Na kama ni malalamiko, tuleteni ya maana. Msimu wa mvua huu, ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, umejaa, na kuna mtu Ipogolo (wanaokunywa wanamjua) anauza maji yaliyopita karibu na mwanzi. Ukimwambia nipe mtogwa, mtamu, wa leo, anakupa kitu hakina utamu wala ukali. Ukimwambia nipe mkangafu basi, ule mkali uliochacha, anatikisa dumu lilelile! Nimekunywa jioni nzima nimerudi nyumbani nikiwa mzima kabisa. Mke wangu kaogopa, kadhani naumwa.

Ndizi_Utumbo

Wake wa Iringa wana mitihani.

Mwana_wa_Soweto

Wakuu tusitoke kwenye mada. Pete ilipotea kwenye mchuzi. Hivi mnaisoma hiyo sentensi?

Bibi_wa_Tukuyu

Wanangu, nimesoma yote. Ndaga kwa kunichekesha, mgongo ulikuwa unaniuma.

Lakini mnanishangaza. Mnamkimbilia mtu wa kofia kutafuta bandari, bandari si tunayo? Teremkeni Kyela. Itungi ni nini, na Kiwira kunakotia nanga MV Mbeya II ni nini? Meli inatoka pale inaambaa na Ziwa Nyasa mpaka Mbamba Bay. Fikeni Matema mapema, wavuvi wakiwa wanarudi, mle mbasa aliyetoka majini muda huohuo, mafuta yake yenyewe yanatosha kumkaangia. Au usipa mbichi, unakaangwa unakuwa mkavu unalia mdomoni, na ndizi pembeni. Ziwa letu halina chumvi, chumvi unatia mwenyewe. Na mvuvi hana hata nafasi ya kuchovya kidole, mikono yote imeshika wavu.

Mwana_wa_Soweto

Shikamoo bibi. Asante, wewe peke yako umekumbuka kidole.

Bibi_wa_Tukuyu

Marahaba mwanangu. Ila nawe ungemshika mkono. Mtu anakuja na kidole kutoka kaunta mpaka mezani, wewe unakitazama tu?

Konda_Mstaafu

😂😂😂 Bibi kamaliza kesi.

Kajunjumele_Boy

Shikamoo bibi. Matema umesema kweli, lakini usiwapeleke watu wikendi. Wikendi wakija watu wa Mbeya mjini na magari yao, mbasa wa buku kadhaa anageuka mbasa wa kitalii. Mimi mzaliwa wa Kyela nimetajiwa bei na mtu niliyesoma naye. Nikamwambia "ni mimi", akasema "najua".

Halafu ninyi wote mmeruka jambo kubwa. Kwenye ule ubao wa baharia chini ameandika "WALI WA MCHELE WA KYELA". Mleta mada, ulinukia? Mchele wa Kyela ukiwa jikoni jirani anajua. Ule wake nimekaa karibu na sufuria sikusikia kitu zaidi ya nazi. Anatuchafulia jina. Kidole kinaoshwa, jina la Kyela nani ataliosha?

Mwana_wa_Soweto

Kidole KINAOSHWA? Baada ya kulambwa?

Rujewa_Finest

Nilikuwa nasoma kimya mpaka hapo. Kajunjumele, msilie sana. Nusu ya huo mnaouita wa Kyela ni wetu wa Mbarali. Unavunwa Usangu, unakobolewa Usangu, ukifika mjini unavalishwa mfuko ulioandikwa Kyela ndiyo upate bei. Sisi ndio tunaoibiwa jina hapa. Mchele unatoka kwetu hauna jina, unafika Dar una jina la watu wengine.

Kajunjumele_Boy

Rujewa, kama ungekuwa unanukia usingehitaji mfuko wetu.

Rujewa_Finest

Kama wenu ungekuwa unatosha msingehitaji mchele wetu.

Dereva_Semi

Hapo mimi shahidi, mfuko mtupu nimebeba na mfuko uliojaa nimebeba. Sisemi zaidi, nina familia.

Dada_wa_Kabwe

Afadhali ninyi mnagombania jina. Sisi wanunuzi wa kawaida tunauziwa mchele umechanganywa, juu Kyela, katikati sijui wa wapi, chini chenga. Unapika wali unapata rojo. Juzi nimewapikia wakwe. Mama mkwe akauliza kama ni uji nimekosea maji. Nimenyamaza.

Mlandege_Mjini

Pole dada. Mama mkwe kumbe naye anahakiki.

Mwana_wa_Soweto

Wakuu, huyu mtu bado yuko pale. Hivi navyoandika naona kupitia dirishani amesimama kwenye meza ya mteja mwingine. Mkono uko hewani.

Ndizi_Utumbo

Bado uko nje??? Nenda nyumbani mkuu.

Isyesye_Mkulima

Mmegusa mchele, mimi nimechoka na lumbesa. Gunia la viazi linajazwa mpaka linaota kichwa cha pili juu, linashonewa kamba pembeni, halafu mnunuzi kutoka Dar anakuambia hilo ni gunia moja. Serikali imeshasema watu watumie mizani, tumesema, tumelia. Akija na lori anakuambia "mzee, gunia ni gunia". Viazi hivyohivyo vikifika Dar vinakuwa chipsi, sahani ndogo bei kubwa. Huyo baharia wenu anayewacheka watu wa viazi, amuulize muuza chipsi wa pale bandarini kwake anavitoa wapi.

Kajunjumele_Boy

Mkulima umeongea. Kwenye mpunga nako hivyohivyo, debe linajazwa mpaka mlima juu, mkono wa mpimaji unasaidia kuzuia usimwagike.

Rujewa_Finest

Debe la kwenu au letu mlilovalisha mfuko?

Msimamizi

Uzi huu umehamishiwa Jukwaa la Kilimo na Mifugo. Tafadhali zingatieni mada.

Mwana_wa_Soweto

Msimamizi, mada ni KIDOLE. Kilimo kimetoka wapi?

Shamba_Chimala

Habari za humu wana kilimo, ndiyo naona huu uzi sasa hivi. Samahani kama limeshajibiwa, sijasoma kurasa za mwanzo. Nina mpunga gunia kadhaa nimeuhifadhi, nasubiri bei ipande. Kwa sasa kukoboa pale Chimala na kupeleka soko la SIDO Mbeya mjini, au niuuze hukuhuku shambani, kipi kina unafuu?

Rujewa_Finest

Jirani, njoo pembeni nikupe namba ya mashine. Usimwambie Kajunjumele.