Tupeane uzoefu: Bima ya pikipiki wakati wa winta, mnafanyaje?

#1 – Minnesota, Marekani (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Niko Minnesota mwaka wa nne sasa, na pikipiki ninayo tangu mwaka jana. Nyumbani Mbeya nilizoea kuendesha mwaka mzima, mvua ikizidi unavaa koti unaendelea. Huku theluji ikishaanguka Novemba ndiyo basi mpaka Aprili. Barabara zinamwagwa chumvi, na hata siku jua likiwaka, chini kuna barafu usiyoiona.

Juzi nilisimama mbele ya pikipiki, nimeifunika turubai, tairi la mbele limeanza kupungua upepo. Nikapiga hesabu. Kila mwezi nakatwa dola 52 za bima. Miezi mitano ni dola 260, kwa chombo ambacho hakisogei hata hatua moja. Hiyo pesa naweza kumtumia mama.

Wazo la kwanza lilikuwa nipige simu nifute bima kabisa, halafu Aprili nikate nyingine. Kabla sijapiga nikasema niwaulize mliotangulia. Nani amewahi kufuta? Nani aliiacha? Ilikuwaje? Naomba tuelezane yaliyotukuta wenyewe.

#2 – Columbus, Ohio

Mkuu, kwanza jibu hili: pikipiki ni ya mkopo?

Yangu ilikuwa ya mkopo. Oktoba nikafuta bima, mwezi mmoja nikapumua. Kumbe kwenye mkataba wa mkopo imeandikwa kwamba mpaka deni liishe, lazima chombo kiwe na bima kubwa muda wote, kiwe kinatembea au kimelala. Ikaja barua: aliyenikopesha ameshanunua bima yeye mwenyewe, na gharama yake ameiweka juu ya rejesho langu. Ilikuwa ghali kuliko ile niliyoifuta, na ilikuwa inamlinda yeye tu. Pikipiki ikiungua analipwa deni lake, mimi sipati kitu.

Ilibidi nikate bima mpya haraka na kuwapelekea uthibitisho ndipo wakaiondoa ya kwao. Siku walizokwishahesabu nililipa. Mwenye mkopo asiguse bima kabla hajausoma mkataba.

#3 – Minnesota (mwanzisha mada)

Asante sana kaka. Yangu haina deni, nilinunua taslimu kwa mzee mmoja aliyeacha kuendesha. Lakini kuna wengine humu watakuwa wamepona kwa maneno yako.

#4 – Mississauga, Kanada

Habari zenu. Mimi ni dada wa Kikenya, niko Ontario, naendesha mwaka wa sita.

Nami nilifuta, msimu wangu wa pili. Nilitegemea nirudishiwe karibu nusu ya ada ya mwaka, kwa sababu miezi ilikuwa imebaki karibu nusu. Nilirudishiwa kidogo sana. Nikapiga simu nimekasirika, na mama mmoja pale akanieleza kwa upole jambo ambalo natamani ningeambiwa siku ya kwanza. Ada ya pikipiki huku huhesabiwa kwa msimu. Wanajua Januari hakuna anayeendesha, kwa hiyo gharama yote ya hatari wameiweka kwenye miezi ya joto. Wewe unalipa kidogo kidogo kwa miezi 12 ili usiumie, lakini kwao ukifika Oktoba umeshatumia sehemu kubwa ya bima yako.

Ndugu yangu wa Minnesota, nasema hivi kwa sababu huenda na yako iko hivyo. Zile dola 52 za Januari pengine ni za Julai, unazimalizia tu. Kabla ya kufuta waulize: nikifuta leo, narudishiwa ngapi? Wakupe jibu kwa tarakimu.

La pili lililoniuma ni Aprili. Kila kampuni niliyopigia iliuliza nimekaa bila bima muda gani. Nikasema miezi sita. Bei zilizokuja zilikuwa juu kuliko za mwaka uliotangulia, ingawa sikuwa nimepata ajali yoyote. Nilichookoa winta nilikirudisha chote, na zaidi.

Siku hizi sifuti. Ninachofanya ni kutafuta bei Februari, kabla watu wote hawajakumbuka pikipiki zao, na nimeweka gari na pikipiki kampuni moja. Kozi ya mafunzo pia ilinisaidia. Nilipoimaliza nikapeleka cheti, punguzo likaingia.

#5 – Hamburg, Ujerumani

Wajerumani hili wamelimaliza kwenye namba ya pikipiki yenyewe. Tangu 1997 kuna namba za msimu, wanaziita Saisonkennzeichen. Unachagua miezi, kuanzia miwili hadi 11, na inapigwa chapa mwisho wa kibao upande wa kulia: mwezi wa kuanza juu, wa kuishia chini, katikati mstari. Yangu ni 04 na 10. Aprili mosi naingia barabarani bila kwenda ofisi yoyote, Oktoba ikiisha natoka. Bima na kodi unalipia miezi hiyo tu.

Kizuri ni kwamba miezi ya kulala hauko mtupu. Kuna bima ya mapumziko isiyoongezwa bei. Kama msimu ulikuwa na kinga ya wizi na moto, inaendelea, ila pikipiki iwe ndani ya chumba au mahali penye uzio.

Sasa sikilizeni mtego wake. Nje ya msimu huruhusiwi hata kuiegesha mtaani. Mwaka wa kwanza nilikuwa naishi ghorofani, pikipiki nalaza barabarani mbele ya mlango. Tarehe 31 Oktoba nikatoka kazini saa nne usiku, ndipo nikakumbuka. Mwenzangu wa kazini ana ua, lakini yuko mbali. Nikampigia akiwa kitandani. Nikaendesha kwenye baridi ile vidole vikafa ganzi, nikafika kwake imebaki dakika kumi na kitu kufika saa sita. Akafungua geti amevaa kanzu ya kulalia, tukaisukuma ndani pamoja. Sasa nakodi nafasi kwenye karakana ya mzee mmoja kuanzia katikati ya Oktoba, na kodi ya nafasi naihesabu kama sehemu ya gharama.

Jingine: msichague chini ya miezi sita kwa kubana matumizi. Daraja lako la punguzo la kutopata ajali halitapanda mwaka unaofuata. Mimi naona miezi saba ndiyo kipimo kizuri kwa huku kaskazini.

#6 – Leicester, Uingereza

Kwa mlio Uingereza, tangu 2011 sheria inadai chombo kilichosajiliwa kiwe na bima hata kama hakitembei, isipokuwa umetoa taarifa kwamba kimetolewa barabarani. Taarifa hiyo ndiyo SORN, unaitoa mtandaoni kwa DVLA, ofisi ya usajili wa magari, haina malipo, na haiishi mpaka utakapolipia kodi ya chombo tena. Kodi ya miezi kamili iliyobaki unarudishiwa.

Mimi niliacha bima iishe Novemba bila kutoa SORN, nikidhani pikipiki ikilala bustanini hainihusu. Faini pauni 100. Tena mwenye nyumba isiyo na uwanja ajue kwamba SORN haikuruhusu kuilaza mtaani.

Ila hata ukitoa SORN, usikae bila kinga ya moto na wizi. Kuna bima za kulaza chombo, ni nafuu.

#7 – Minneapolis, Minnesota

Mwanzisha mada ni jirani yangu, kwa hiyo nitaeleza kirefu.

Mimi niliokolewa na bima ya winta. Januari, miaka mitatu iliyopita, nilitoka asubuhi kwenda kuondoa theluji kwenye gari. Gereji yetu imejitenga na nyumba, inatazama uchochoro wa nyuma. Nikaona mlango wa pembeni umeachama kidogo na komeo limepinda. Usiku theluji ilikuwa imeanguka, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale chini: nyayo za watu wawili zinaingia, halafu zinatoka zimechimba sana, kama watu wanaosukuma mzigo, na katikati yao mstari mmoja wa tairi, mpaka uchochoroni. Pale mstari ukaishia kwenye alama za gari kubwa. Nilisimama nikiutazama ule mstari mpaka mke wangu akaja kunifuata. Ile pikipiki niliinunua kwa zamu za usiku za miaka miwili.

Nilikuwa sijafuta bima. Nilikuwa nimeiweka kwenye mapumziko ya winta. Maana yake ni kwamba sehemu ya barabarani inasimama, yaani kumlipa uliyemgonga na kutengeneza pikipiki ukigongana, lakini sehemu ya wizi, moto na kuangukiwa na kitu inabaki hai. Nililipwa thamani yake, ukitoa dola 500 ambazo mkataba ulisema nazibeba mwenyewe. Ningekuwa nimefuta Novemba, ningebaki na picha ya nyayo kwenye simu.

Sasa tahadhari yake. Mapumziko yana tarehe. Machi iliyofuata, nikiwa na pikipiki nyingine, ikaja siku moja ya joto. Mtaa mzima watu nje, watoto na baiskeli, theluji imebaki vipande kwenye kivuli. Nikarudisha betri, nikawasha, nikavaa helmeti. Nikaanza kutoa pikipiki, moyo ukakataa. Nikazima, nikaingia ndani kusoma karatasi: mapumziko yanaisha Aprili mosi. Ningetoka siku ile ningekuwa sina bima yoyote ya barabarani. Na huku Minnesota kiwango cha chini cha bima ya kuwalipa wengine kwa pikipiki ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa watu wote wa ajali moja, na 10,000 kwa mali. Pesa kama hizo ungeweza kudaiwa wewe. Tena mchanga wa winta ulikuwa bado umejaa kwenye kona. Niliirudisha ndani.

Piga simu uulize mambo matatu, mkuu. Wana mapumziko ya winta? Yanaanza na kuisha lini, na naweza kusogeza tarehe nikipiga simu? Na nikiyaweka, ada inapungua kiasi gani kwa kweli? Kampuni nyingine hazina kabisa, kwa sababu ile aliyosema dada wa Mississauga: msimu umeshaingizwa kwenye bei. Wakikujibu hivyo, iache bima yako kama ilivyo, na mwezi wa kuihuisha ndipo utafute bei kwingine.

#8 – Mombasa

Mmenifunza jambo leo. Sisi wa bodaboda huku tunaweza kununua bima ya mwezi mmoja mmoja, kwa hiyo pikipiki ikiwa kwa fundi mwezi mzima hununui. Kumbe nayo ikiibwa pale kwa fundi sina changu. Sikuwahi kuliwaza hivyo.

#9 – Minnesota (mwanzisha mada)

Wakuu, nimerudi. Leo mchana nilipiga simu nikiwa na karatasi yenye maswali yenu.

Nikiifuta leo narudishiwa dola 41 tu. Dada wa Mississauga, ni vilevile ulivyosema. Mapumziko ya winta wanayo, kuanzia Novemba 15 hadi Machi 31, na yanapunguza dola 88 kwenye ada iliyobaki. Tarehe ya kurudi naweza kuisogeza mbele au nyuma kwa simu, ila siku ile ile ninayopiga haihesabiwi, lazima iwe kesho yake. Nimekubali mapumziko.

Gari langu liko kampuni nyingine, na nikiyaweka pamoja kuna punguzo. Nimeomba waniandikie bei, nitailinganisha Februari.

Kaka wa Minneapolis, nina swali moja tu. Mlango wangu wa pembeni nao una komeo la aina hiyo hiyo uliyoitaja. Wewe uliweka nini baadaye?

#10 – Minneapolis

Bamba la chuma nyuma ya komeo, skrubu ndefu zinazofika kwenye mbao za ukuta, na mnyororo mzito unaopita kwenye tairi la nyuma hadi kwenye pete iliyofungwa sakafuni kwa nati. Jumamosi nipo, nitakuja na drili. Baridi ikizidi kazi hii itakuwa ngumu, kwa hiyo tusiivute mpaka Desemba.

#11 – Minnesota (mwanzisha mada)

Karibu sana kaka. Jumamosi saa nne asubuhi, chai itakuwa tayari.